Mkia wa Panya Ndani ya Soda Nyeupe

Duka la Tecla,
Mogogosiek.
12 Februari 1996

Kwa Meneja,
Barafu Bottlers,
Nakuru.

Bwana Meneja,

YAH: MKIA WA PANYA

Mimi ni mwenye duka linalotazamana na stendi ya hapa Mogogosiek. Nimeuza soda zenu miaka sita bila kulalamika, hata mlipoleta kreti za chupa zilizojaa nusu na dereva wenu akaniambia eti ni baridi ya milimani inayofanya soda kunywea.

Juzi Jumamosi Bi. Bochaberi, mke wa karani wa kiwanda cha chai, alikuja kununua soda nyeupe ya mgeni wake. Kabla sijaifungua aliinyanyua akaitazama. Ndani mlikuwa na kitu cheusi, chembamba, chenye nywele mwishoni. Bi. Bochaberi ana sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. "Haki ya nani, huu ni mkia ya panya! Kujeni muone, Tecla anatuuzia panya!" Watu waliokuwa wakipima majani ya chai walisikia. Watu wa kanisa walisikia. Hata nyinyi mngesikia, kama mngekuwa na masikio.

Leo asubuhi Bwana Afya wa tarafa amenikataza kuuza kinywaji chochote. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi wa tatu. Mkiandika barua kukubali kwamba uchafu huo uliingia kiwandani kwenu, nitaendelea kuuza. Msipoandika, leseni yangu imekwenda. Soda ndiyo inayoliweka duka langu hai, na nyinyi mnalijua hilo.

Chupa ninayo na haijafunguliwa. Bwana Afya ameizungushia karatasi yenye muhuri, kisha akanikabidhi mimi mshtakiwa niitunze, kwa sababu ofisi yake haina kabati lenye kufuli. Hiyo ndiyo serikali yetu.

Nasikia kwenu kuna mtu anayekaa mbele ya taa kutazama chupa zikipita, na hana kazi nyingine ila kutazama. Kama mtu huyo si kipofu ni mlevi, na kama si mlevi analala. Mfukuzeni. Ng'ombe wangu aliyefungwa kamba nyuma ya nyumba angekiona kitu kile.

Ni mimi,
Tecla Chebet


Mogogosiek,
12 Februari 1996

Kipkosgei ndugu yangu,

Mama ni mzima, ng'ombe ni wazima, chai inachumwa. Mimi si mzima, nina hasira.

Bosi wako ataipata barua yangu wiki hii. Ndani yake nimeeleza mkia wa panya niliouziwa na kampuni yako pamoja na soda nyeupe. Bwana Afya anataka kunifungia. Bochaberi anapita hapa mara tatu kwa siku akitema mate barabarani, naye hapo awali alikuwa akipita mara moja tu.

Sasa wewe si mkubwa wa ubora huko? Krismasi ulikuja na kalamu tatu mfukoni, ukakataa chai kwa sababu kikombe kilikuwa na ufa, ukatuhutubia juu ya vijidudu mpaka ugali ukapoa. Mama alikutazama kama unasoma habari redioni. Basi kazi imekuja. Mtafute huyo mtazama chupa, umtoe kwenye hicho kiti, uhakikishe nimeandikiwa barua yangu.

Mama anauliza kama mursik yake ya maziwa ya mgando ilifika. Ameitia kwenye chupa ya soda kama kawaida na kuituma na basi. Anasema urudishe chupa. Miaka miwili anachukua chupa tupu dukani kwangu kukutumia maziwa na hakuna hata moja iliyorudi. Unazila?

Dada yako,
Tecla


Nakuru,
21 Februari 1996

Dada Tecla,

Nimeipata barua yako na nimesikitika, hasa kwa lugha yake. Mtu hamwandikii meneja habari za ng'ombe.

Nikueleze kitaalamu. Chupa zetu huoshwa na mashine kutoka Ujerumani, kwa maji ya moto na dawa kali inayoweza kukuchubua ngozi. Kisha zinapita mbele ya taa. Tatizo si sisi, ni watu wa huko. Mtu wa huko akimaliza soda, chupa anaitia mafuta ya taa. Akiyamaliza mafuta anaitia dawa ya kupe. Baadaye ugoro wa babu. Halafu anairudisha dukani na mikono yake safi, akitaka nyingine baridi. Sisi huku tunahangaika na uchafu wa watu ambao hawajafahamu bado kwamba chupa ni chombo cha chakula. Nikiwaambia wenzangu ninakotoka huwa nasema Kericho mjini.

Ushauri wangu ni huu. Imwage hiyo soda na uivunje chupa. Mwambie Bwana Afya imekuponyoka mkononi. Mambo yatatulia yenyewe, kwani watu wa Mogogosiek hawakumbuki kitu zaidi ya siku mbili za soko. Barua yako kwa meneja haitafika popote, na usiandike nyingine.

Mwambie Mama mursik ilikuwa tamu. Chupa nitarudisha.

Ndugu yako,
Kipkosgei
(Idara ya Ubora)

N.B. Hicho kitu kina urefu gani? Na hizo nywele ziko upande mmoja au pande zote?


Barafu Bottlers,
Nakuru.
27 Februari 1996

Bi. Tecla Chebet,
Mogogosiek.

Bibi,

Barua yako ya tarehe 12 imepokelewa, pamoja na matusi yake.

Kampuni hii inawafahamu vyema wafanyabiashara wadogo wa vijijini. Wengine hung'oa kizibo kwa ustadi, hutia mdudu, hukirudisha, kisha huomba kreti za bure. Hatusemi wewe ni mmoja wao. Hatusemi pia kwamba si mmoja wao.

Hata hivyo, tangu mwaka jana tumepokea malalamiko tisa, kutoka Molo hadi Litein, juu ya kitu cheusi ndani ya chupa. Nyingi ya chupa hizo zilikuwa zimefunguliwa, kwa hiyo hazikuthibitisha lolote. Mkemia wetu, ambaye ana digrii mbili, amepata ndani yake mkaa pamoja na kipande cha mmea asioujua. Chupa yako ndiyo ya kwanza yenye muhuri wa afisa wa serikali.

Nitafika Mogogosiek tarehe 15 Machi, nikutane nawe na Afisa wa Afya. Nikiridhika kwamba kizibo hakijaguswa, kampuni itakuandikia barua ya kukusafisha. Namba za kwenye kizibo zitatuonyesha nani alikuwa amekaa kwenye taa saa hiyo, na mtu huyo ataachishwa kazi siku hiyo hiyo, kama ulivyoomba. Nisiporidhika, hutauziwa tena soda yetu, na wenye duka wengine watajulishwa sababu.

Usiiguse chupa.

S. Nyamwange
Afisa wa Malalamiko


Mogogosiek,
4 Machi 1996

Kipkosgei,

Salamu nimeziacha, utazipata kwa Mama.

Ulitaka kujua urefu wa kile kitu. Nikajiuliza, mkubwa wa ubora anataka urefu wa mkia wa panya wa nini? Nikaitoa chupa chini ya kitanda nikaipeleka juani. Siku zote hizo nilikuwa sijaitazama vizuri kwa kinyaa, nikamwachia Bochaberi aniambie nimeona nini. Ujinga wangu huo naukubali.

Si mkia wa panya. Ni ncha ya sosiot.

Mkemia wenu ana digrii mbili, lakini mtoto yeyote wa hapa anayetumwa kuleta kibuyu angemfundisha. Ule ufito wa kusugulia kibuyu cha maziwa, uliopondwa mwisho ukawa nyuzi, Bochaberi ameuita mkia na mtaalamu ameuita mmea asioujua. Na ule mkaa ni wa mti wa senetwet. Kitako cha chupa kina weusi ulioshikamana na kioo, kama kibuyu kilichosuguliwa na mtu anayejua kazi yake.

Nikaenda kwa Mama bila kumwambia kitu. Nikamkuta amekaa jikoni na chupa ya soda katikati ya magoti, anaisugua ndani kwa kijisosiot chembamba kama penseli, na makaa yako pembeni. Nikamuuliza kwa nini asioshe kwa maji tu kama watu. Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Maziwa italala namna gani ndani ya kioo bila mkaa? Hii sosiot imekatika mara nyingi, hii shingo ya chupa ni mbaya. Lakini kijana yangu hawezi kunywa maziwa ya kioo tupu."

Basi nimejua chupa zetu zinakokwenda. Huzili, unazirudisha kiwandani. Unakunywa maziwa ya mama yako kisha unapanga chupa pamoja na nyingine, yenye mkaa na ncha ya sosiot kitakoni, na mashine ya Ujerumani inauogopa mkaa wa Mama. Dawa ya kupe, ugoro wa babu! Malalamiko tisa kutoka Molo hadi Litein, na yote yametoka kwenye tumbo lako.

Hayo si mwisho. Kiptum wa hapo juu, aliyeajiriwa kwenu mwaka jana, yuko likizo. Nilimwambia amsalimie mkubwa wake Kipkosgei. Alicheka mpaka akakaa chini. "Kipkosgei? Huyo ndiye anakaa kwa taa, dada. Ni mwangalizi wa chupa."

Miaka minne umetuambia una ofisi. Mama amewaambia wanawake wa kanisa una ofisi. Kumbe una kiti.

Nyamwange wenu anakuja tarehe 15. Nikimpa chupa duka langu linapona na wewe unakwenda. Nisipompa, wewe unabaki na mimi ninafunga. Niandikie ukweli kabla ya siku hiyo, na usinieleze kitaalamu.

Tecla


Nakuru,
9 Machi 1996

Dada yangu,

Ni kweli yote.

Sina ofisi. Niliajiriwa kutazama chupa na bado natazama chupa. Kalamu nilinunua stesheni ya mabasi. Nilipanga kuwaambia nikipanda cheo, ili uongo uwe umeshakuwa kweli, lakini cheo hakikuja.

Chupa za Mama nilizirudisha kwa sababu nyumba ninayopanga ni chumba kimoja, na mke wangu alikasirikia chupa nyeusi zinazojaa chini ya meza. Kiwandani kuna chupa elfu nyingi. Sikudhani moja ingekuwa na njia ya kurudi nyumbani. Niliziona kuwa chache, na nilijua ni za maziwa, si sumu. Uliposema ina nywele ndipo nikaanza kuogopa.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mke wangu halijui. Sheria ni kutazama taa dakika ishirini, kisha mwingine anakaa na wewe unapumzika. Lakini watu wamepunguzwa, kwa hiyo tunakaa saa nzima, hata mbili. Tangu mwaka jana naona doa jeusi. Naliona ukutani, naliona kwenye ukurasa huu ninapokuandikia, naliona hata kwenye uso wa mtoto wangu. Mwanzoni kila nilipoliona doa kwenye chupa nilitoa chupa hiyo, na msimamizi akanipigia kelele kwamba natupa soda nzuri. Nikaacha kuyaamini macho yangu. Sasa chupa yenye doa ikipita naiambia ni wewe tena, naiacha iende.

Uliandika kwa meneja kwamba mtu huyo ni kipofu. Barua hiyo ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo ili tuone aibu. Nilisimama na wenzangu nikaisoma, nikaujua mwandiko wako, nikacheka nao.

Nikifukuzwa hakuna atakayenichukua nikiwa na macho haya. Watoto ni watatu, unawajua. Sina haki ya kuomba, lakini naomba. Usimpe Nyamwange chupa ile. Na tafadhali, kwa vyovyote vile, Mama asijue.

Ndugu yako mdogo,
Kipkosgei


Mogogosiek,
16 Machi 1996

Kipkosgei,

Nilikuwa nimeamua kuwapa chupa. Nakuambia mapema ili usinifanye malaika katika hayo nitakayoeleza. Nililala na barua yako chini ya mto siku mbili, nikakuhurumia, kisha nikakumbuka ile hotuba ya kikombe chenye ufa, huruma ikaisha. Mimi nimelijenga duka hili kwa kuuza chumvi kijiko kwa kijiko. Wewe umejenga ofisi kwa mdomo.

Jana Nyamwange alifika na gari la kampuni. Ni mtu mfupi mwenye leso ya kufutia kila kitu kabla ya kukigusa, hata kiti changu. Bwana Afya alikuwepo. Bochaberi alikuwepo bila kualikwa, na nyuma yake nusu ya soko. Nikaileta chupa. Nyamwange akaigeuza, akakitazama kizibo kwa kioo cha kukuzia, akanuna. Nilimwona anavyonuna nikajua nimeshinda, kwa sababu hakikuwa kimeguswa. Akatoa daftari ili anakili namba za kizibo.

Kabla hajaandika hata moja, Mama akaingia. Sikumwita. Alisikia kuna gari la kampuni ya mwanawe, akavaa kitambaa cha kanisani, akaja na chupa ya mursik mikononi, mpya, nyeusi vizuri ndani. Akampa Nyamwange mkono wa heshima. "Bwana, hii pelekea kijana yangu Kipkosgei. Yeye ni mkubwa huko kwenu. Mwambie mama yake amesema arudishe chupa."

Nyamwange akaitazama ile chupa. Akatazama weusi wake, kisha akaitazama chupa iliyokuwa mezani. Nikaona kichwa chake kinaanza kufanya kazi. Akasema polepole, "Kipkosgei? Yule wa kwenye..." Alikuwa amekwisha kuanza kutabasamu. Kipkosgei, tabasamu lile simtakii hata adui yangu. Mama alikuwa anamtazama usoni, anangoja kusikia mwanawe akisifiwa mbele ya Bochaberi.

Niliichukua chupa iliyokuwa mezani, nikang'oa kizibo kwa meno mbele ya wote, muhuri wa serikali ukachanika, nikainywa yote. Kisha nikapaza sauti kumshinda hata Bochaberi. "Ni mimi nilitia! Nilitaka kreti za bure! Haya, andika!" Kizibo nilikuwa nimeshakitupa nyuma ya kaunta, na jioni nilikichoma pamoja na taka.

Kelele zilizozuka unaweza kuzifikiria. Bwana Afya alipiga meza. Bochaberi alicheka kama aliyekuta sherehe. Nyamwange alisahau alichotaka kusema, akafurahi sana kwa sababu mambo yamekuwa vile alivyoandika toka mwanzo. Watu wa aina hiyo ukiwapa walichokuwa wakikidharau tayari, hawatafuti tena kingine. Mursik ya Mama hakuigusa. Alisema kampuni haipokei vyakula vya wenyeji, akaifuta mikono kwa leso.

Mama hajaniambia neno tangu jana. Anaamini nimechezea soda ya kampuni ya mwanawe. Anaona haya kwa ajili yako, kwamba nimekuharibia jina kazini.

Sasa sikiliza, maana hili silo ombi. Ondoka kwenye taa hiyo. Mwambie daktari wa kampuni ukweli juu ya macho. Omba kazi yoyote ya karatasi. Ulikuwa na mwandiko mzuri, uliwahi kupewa sahani ya zawadi darasa la saba na Mama bado anaitumia kuwekea mayai. Na chupa usipeleke tena kwenye mashine. Niandikie umefanya hivyo. Siku moja umwambie Mama mwenyewe, kwa mdomo wako. Hayo tu ndiyo malipo yangu.

Kuhusu ladha, ilikuwa soda kwanza, na mwishoni ilikuwa nyumbani.

Tecla


Barafu Bottlers,
Nakuru.
25 Machi 1996

Kwa wenye maduka wote,
Konoin, Bureti na Kericho.

Mnaarifiwa kwamba Bi. Tecla Chebet wa Mogogosiek amekiri mbele ya mashahidi kutia uchafu ndani ya soda ya kampuni hii. Hatauziwa tena bidhaa zetu, na leseni yake imerudishwa kwa Afisa wa Afya. Malalamiko mengine tisa ya aina hiyo yamefungwa, kwani chanzo kimejulikana. Mfanyabiashara mwingine yeyote mwenye tamaa kama hiyo na ajifunze.

S. Nyamwange
Afisa wa Malalamiko


Mogogosiek,
2 Aprili 1996

Kipkosgei,

Barua yako sijaipata. Nimepata bahasha ya kampuni, na ndani yake tangazo lililopigwa chapa. Bochaberi naye amepata lake na amelibandika mlangoni kwake kama kalenda.

Anwani kwenye bahasha imeandikwa kwa mkono. "Bi. Tecla Chebet, Mogogosiek." Ile T yako yenye mkia na ile M iliyokupatia sahani ya zawadi. Basi najua umetoka kwenye taa na umepewa kazi ya karatasi, kama nilivyokuambia. Nimeigeuza bahasha nje na ndani nikitafuta neno lako lingine, hata herufi moja. Hakuna. Umeandika jina langu vizuri sana, ukailamba bahasha, ukaifunga na tangazo hilo ndani, ukaenda kula chakula cha mchana. Nilikuwa nakudharau kwa uongo wa ofisi. Sasa unayo ofisi, na dharau yangu imekosa mahali pa kukaa, imenijaa mpaka kwenye mikono.

Duka nimelifunga Jumamosi. Naanza kuchuma chai ya watu wiki ijayo.

Mama hajui kusoma, lakini aliiona bahasha mezani na akaujua mkono wako. Ameishika muda mrefu. Ni mara ya kwanza amenisemesha tangu siku ile. Aliniuliza umeandika nini. Nilimwambia umepanda cheo, unamsalimia sana, na mursik yake imekwisha.

Amefurahi mno. Yuko jikoni, anasugua chupa nyingine.

Tecla